Ua Linalotaka Kiangazi Chake

Msikilizaji, nisikilize popote ulipo, uwe Awasi sokoni, uwe Ahero ukingoja matatu ijae, au uwe nyumbani unachambua mboga huku redio iko dirishani. Mwezi wa pili unayoyoma. Udongo wa tambarare ya Kano umepasuka nyufa pana, ng'ombe wanatembea wakichagua pa kukanyaga, na macho ya kila mtu yako upande wa milima ya Nandi kuona kama wingu litashuka. Leo sina habari ya mahindi wala ya mpunga. Mpunga wa Ahero una mradi wake tangu 1969 na wasemaji wake ni wengi. Mimi leo nimekuja na ua, tena ua moja tu linalotambaa, kwa sababu wiki hizi chache kabla ya mvua za Machi ndizo za kulipanda.

Jina lake la vitabuni ni Gloriosa superba. Alilipa jina hilo Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753. Hapa tutaliita gloriosa, yatosha. Huenda umeshaliona mara nyingi na hukuuliza habari zake. Ni lile ua jekundu lenye manjano linalochomoza vichakani mvua ikikolea, penye mawe na kwenye miteremko, likiwa limepanda juu ya kichaka cha nyabend winy hata ukadhani ni kichaka chenyewe kilichochanua. Halikuletwa na meli wala na mmisionari. Ni la Afrika hii yetu na la Asia ya kusini, na limeota hapa tangu kabla ya reli, kabla ya miwa, kabla ya barabara ya Kericho.

Huko nje lina heshima zake. Zimbabwe imelifanya ua la taifa. Jimbo la Tamil Nadu kule India nalo limelichagua kuwa ua lake. Mwaka 1947 binti mfalme Elizabeth alipozuru Rhodesia ya Kusini, ndiyo Zimbabwe ya leo, watoto wa shule walichanga akatengenezewa pini ya almasi ya kuvaa kifuani, yenye umbo la ua hili hili. Februari 1952 akiwa hapa Kenya ndipo alipofikiwa na habari ya kifo cha baba yake; aliposhuka kwenye ndege kule London akiwa tayari ni malkia, pini hiyo ilikuwa kwenye vazi lake jeusi. Sisi tunalifyeka pamoja na magugu. Sisemi hivyo kwa kulaumu, panga halina macho.

Sasa nataka ulione kwa karibu. Petali zake ni sita, na zote zimejikunja kwenda juu na nyuma, kingo zake zina mawimbi kama pindo la leso iliyoanikwa bila kukung'utwa. Ua lenyewe linatazama chini. Nyuzi sita zenye chavua zimetandazwa pande zote, kila moja imekwenda zake. Halafu pale katikati kuna jambo la kushangaza. Ile shingo inayopokea chavua, ambayo kwenye maua mengine husimama wima, hapa imepinda ghafla na kutoka kwa ubavu, mbali na chavua ya ua lake mwenyewe. Hivyo kipepeo au chozi anayekuja kutafuta utamu akitokea ua jingine huigusa akipita, na chavua ya mbali ndiyo inayofika kwanza.

Rangi nayo haikai. Ua likifunguka huwa na ukijani wenye umanjano, kisha manjano inakolea, ncha zinashika wekundu, wekundu unateremka polepole mpaka ua zima limeiva kabla ya kunyauka. Ukiwa na mmea mmoja wenye maua sita saba, kila moja liko kwenye siku yake, utadhani umepanda aina tatu pamoja.

Na linapandaje? Halina miiba ya kushikia wala shina lake halizunguki mti kama maharagwe. Linashika kwa majani. Kila jani refu huishia kwenye uzi mwembamba, kikono, na kikono hicho kikigusa kitu hujikunja na kukikaza. Lakini kikono ni kidogo. Kinaweza kushika waya, uzi, kijiti, bua la nyasi. Nguzo ya mkangazi hakiwezi kuizunguka, na ukuta wa matofali hakina habari nao. Watu wengi wanalisimikia gogo zuri la kutambalia, kisha wanashangaa mmea umelala chini kando ya gogo. Lipe vijiti vyembamba vyenye matawi matawi, au nyuzi za katani ulizofunga kutoka chini hadi kwenye paa, au lipande karibu na kichaka cha haibiskasi na uliachie lipenye lenyewe. Hilo la kichaka ndilo ninalolipenda zaidi, maana huko porini ndivyo linavyoishi, na upepo wa dhoruba ukija kichaka kinalikinga. Shina lake hukatika upesi sana. Usijaribu kulielekeza kwa mkono asubuhi likiwa limejaa maji. Litakatika kwenye kifundo, na shina lililokatika ncha halitoi jingine msimu huo.

Kuna ujumbe uliofika hapa studioni kutoka kwa mama mmoja wa upande wa Boya, na ndio ulionifanya nichague mada hii. Anasema amelipanda mara mbili. Mara zote mbili lilichipuka vizuri, likachanua, watu wakasimama njiani kulitazama. Kisha likaanza kukauka. Akahangaika nalo, akalimwagilia kila jioni, akaongeza samadi, na halikurudi tena. Anauliza huo ni ugonjwa gani na dawa yake inauzwa wapi.

Mama, unisamehe nikisema wazi. Hakuna ugonjwa hapo. Uliliua kwa ndoo.

Gloriosa ina mwaka wake, na sehemu ya mwaka huo ni kulala. Chini ya ardhi kuna kiazi cheupe chenye ngozi ya kahawia, chenye mikono miwili iliyoungana kwenye kona, na kila mkono una jicho moja tu, kwenye ncha kabisa. Mvua ikianza, jicho linaamka na kutuma shina juu. Shina linakula kiazi kile mpaka kinaisha, na wakati huohuo majani yanatengeneza kiazi kipya pembeni. Baada ya maua na vitumba vya mbegu, kazi ya juu imekwisha. Majani yanageuka manjano, shina linakauka, na kiazi kipya kinabaki chini kikiwa kimeshiba, kinangoja. Hakihitaji maji wakati huo. Ukikimwagilia, udongo unakaa chepechepe kuzunguka kitu kisichokunywa, kuvu inaingia, na Machi ukifukua utapata uji wenye harufu mbaya.

Hapa ndipo ilipo shida yetu sisi watu wa Kano, na nimesikia watu wakililaumu jua. Jua halina kosa. Tuko kando ya ziwa lililo mita 1,134 juu ya bahari, joto letu gloriosa inalipenda. Shida ni udongo na mvua. Udongo huu mweusi ukilowa huvimba, ukajifunga, maji yakasimama juu yake siku nzima. Ndiyo maana mpunga unakubali hapa, na ndiyo maana mto Nyando ukifurika maji hayaondoki haraka kwenye maboma. Kiazi cha gloriosa kwenye udongo huo kimo ndani ya sufuria iliyofunikwa.

Na mvua yetu haina adabu ya kalenda. Mashuleni tunafundisha masika ni Machi hadi Mei na vuli ni Oktoba hadi Desemba, ni sawa, lakini mtu wa Awasi anajua kuwa hata Julai, hata Januari, mchana wa joto unaweza kuishia na radi. Upepo wa ziwani unavuma kwenda nchi kavu, unagonga milima ya Nandi na Kericho, mawingu yanapanda, na saa kumi jioni mambo yameharibika. Kule ambako gloriosa imezoea kulala miezi mitatu minne bila tone, sisi tunaimwagia usingizini.

Kwa hiyo kazi ya mtu anayepanda gloriosa Awasi ni kuitengenezea kiangazi. Maji tunayo ya kutosha, na ya kuzidi. Kiangazi ndicho tunachopaswa kukibuni, na chombo cha kukibunia ni chungu.

Sikiliza jinsi ninavyopendekeza. Tafuta chombo chenye kina cha futi moja hivi. Chungu cha udongo kilichopata ufa na hakifai tena kupikia ni kizuri kuliko vyote, kwa sababu kinapumua. Huna, chukua debe, au jerikeni la lita 20 ulilokata kichwa. Toboa matundu chini, usione haya, matano au sita ya kupitisha kidole. Tandaza kokoto vidole viwili. Kisha changanya mchanga wa mtoni sehemu mbili, udongo mwekundu sehemu moja, samadi iliyooza mpaka haina tena harufu ya samadi sehemu moja. Udongo wa Kano usiutie hata koleo moja. Najua inauma roho kununua udongo mtu ukiwa umekaa juu ya udongo, lakini ndivyo ilivyo. Wenye ndugu huko Nyabondo au Kericho waagize gunia.

Chombo kikae juu ya mawe matatu ili maji yatoke chini bila kizuizi. Kiazi kilaze, usikisimamishe, kifukie kina cha vidole vitatu au vinne. Wakati wa kukilaza kishike katikati. Lile jicho la nchani ukilikwangua kwa ukucha umekwisha. Kiazi kitakaa udongoni kikiwa hai na hakitatoa chochote. Ndiyo sababu ua hili lina sifa ya kuwa laini na la kudeka. Mimi naona ulaini wake wote uko mahali pawili tu, kwenye jicho hilo na kwenye shina. Mengine yote ni mmea mgumu unaoishi kwenye mawe.

Mwagilia mara moja, halafu uache. Usirudie mpaka uone ncha ya kijani imetokeza, na inaweza kuchukua wiki mbili, inaweza kuchukua tano. Wengine uvumilivu unawaishia wiki ya tatu, wanafukua kuangalia, na katika kufukua wanavunja jicho lililokuwa limefika karibu na juu. Ukishaona mmea, mwagilia pale kidole kikiingia udongoni kikakuta pakavu. Liweke mahali ambapo miguu iko kivulini na kichwa kiko juani, upande wa mashariki wa nyumba ni mzuri, linapata jua la asubuhi na paa linalikinga na mvua ya mawe ya jioni.

Likipandwa sasa, tazamia maua kuanzia Mei au Juni. Halafu siku moja utaona jani la chini limekuwa njano. Hapo ndipo mkono wako unapotakiwa kuacha ndoo. Acha kabisa. Usilikate shina likiwa bado na kijani, maana bado linapeleka chakula chini. Likishakauka lote, livute, litatoka lenyewe. Chukua chombo chako, kiingize chini ya upenu wa paa au ndani ya ghala, kilaze kwa ubavu ili hata mvua ikipeperushwa isiingie, na ukisahau. Miezi mitatu ni mizuri. Mimi ningekiacha hadi Februari inayofuata, kingine chochote ni kukisumbua, ingawa najua wako watakaotaka kukiamsha Oktoba waone kama kitachanua Krismasi.

Kwa wale walio kwenye mteremko wenye udongo wa changarawe, ardhini panawezekana. Hapo adui wako wa kwanza ni ufagio. Nyumbani kwetu uwanja hufagiwa kila asubuhi mpaka ardhi ing'ae, na ni jambo jema, ni heshima ya boma. Lakini ncha ya gloriosa inapotokeza Machi ni ndogo, laini, na binti anayefagia hana jinsi ya kuitambua. Zungushia mawe mahali pale tangu leo, duara la mawe makubwa, na umwambie kila anayeshika ufagio kwamba humo ndani haingii.

Nikifika hapa nataka mwenye redio aongeze sauti kidogo.

Gloriosa ni sumu. Mmea mzima, na zaidi kiazi na mbegu. Kiazi chake kikiwa kimeoshwa kinafanana na kiazi kitamu chembamba, na katika nchi zinazolifahamu ua hili watu wamekufa kwa kukila wakidhani ni chakula. Kukichemsha hakuondoi sumu. Sisi ni watu wa rabuon, yaani viazi vitamu. Asubuhi ya chai na rabuon ndiyo asubuhi. Kwa hiyo kiazi cha gloriosa kisikae kamwe jikoni, kisikae kwenye gunia, kisikae kwenye beseni moja na chakula hata kwa dakika ya kwenda kupokea mgeni. Ukikifukua kukigawa, fanya kazi hiyo siku ambayo watoto wako shuleni, ukipande papo hapo au ukiweke kwenye kopo lenye kifuniko, juu, na uandike. Nawa mikono kwa sabuni. Majimaji yake huwasha ngozi za watu wengine. Mbuzi nao, na ng'ombe, wasiufikie mmea; mbuzi aliyefungwa kamba ndefu atapima urefu wa kamba yake kila siku.

Sumu yenyewe inaitwa kolchisini. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliigundua mwaka 1820 kwenye mmea wa Ulaya ulio jamaa ya gloriosa, na mwaka huohuo wakatoa kwinini kwenye magome ya sinkona. Sisi wa Kano, tuliolelewa na malaria, kwinini tunaijua kwa uchungu wake. Hii nyingine ni dawa pia, kwa kipimo kidogo sana kinachopimwa kiwandani: huwatuliza wenye jongo, ule ugonjwa unaomfanya mzee aamke usiku akishika kidole gumba cha mguu. Mbegu za gloriosa zinalimwa Tamil Nadu kwa ajili hiyo. Mwaka 1937 wanasayansi wa Marekani walionyesha kwamba kolchisini inaweza kuufanya mmea uwe na kromosomu maradufu, na kutokana na ujuzi huo ndipo tikiti maji lisilo na mbegu lilipopatikana. Inadhuru kwa kuzuia seli kugawanyika. Ndani ya mtu seli zinazogawanyika haraka ni za utumbo na za uboho, na ndizo zinazoanza kuumia.

Jambo la kutisha ni kwamba haianzi mara moja. Mtu anaweza kukaa saa kadhaa hana neno, halafu anaanza kutapika na kuhara sana, watu wakasema ni kipindupindu, kwa sababu kipindupindu nacho tunakijua hapa. Mtoto akishikwa ametia kiazi au mbegu mdomoni, usingoje aumwe. Usimpe maziwa ukasema yatapoza. Mpeleke Ahero hospitalini saa hiyohiyo, uchukue na kipande cha mmea, daktari akione. Na yeyote anayekuuzia kiazi hiki kama dawa ya kienyeji ya kuchemsha nyumbani, mwambie kipimo kinachotibu na kipimo kinachoua vimekaribiana mno hata jikoni hapawezi kuvitenganisha.

Mtu atauliza, kwa hiyo mbona unatuambia tukipande? Boma la Mjaluo limezungushiwa mmea wa ojuok vizazi na vizazi, na utomvu wa ojuok ukiingia jichoni unajua mwenyewe. Tumeishi nao kwa kuwafundisha watoto. Walakini nasema hivi bila kuzunguka: ikiwa nyumbani una mtoto wa kutambaa anayeokota kila kitu, ngoja akue. Panda asumini kwanza. Hii ndiyo faida nyingine ya chungu, kwamba unaweza kukiinua juu ya kiti au ukuta mfupi, mahali mtoto na mbuzi hawafiki.

Sasa, utakipata wapi. Usiende porini na jembe. Kila anayelichimba kichakani anachukua mmea uliokaa miaka, mara nyingi jicho linavunjikia humo humo, na sasa vichaka vyenyewe vinaisha kwa miwa, kwa kuni na kwa viwanja. Mwombe mwenye nalo. Kiazi chenye mikono miwili kinaweza kugawanywa kikiwa kimelala, kila mkono na jicho lake. Kata pale kwenye kona kwa kisu kikali, paka majivu kwenye kidonda, acha pakauke siku mbili ndipo upande. Wenye vitalu vya miche kandokando ya barabara Kisumu ukiwaagiza mapema wanaweza kukutafutia. Wakati mwingine watakuletea aina yenye maua makubwa mekundu iliyopewa jina la Rothschild, ile inayouzwa kama ua la kukatwa. Ichukue tu, tabia ni zilezile.

Au anza na mbegu. Vitumba vikikauka hupasuka sehemu tatu na kuonyesha mbegu nyekundu zilizopangwa mistari. Ni nzuri mno, na ndiyo sababu nyingine ya kuwa macho na watoto. Mbegu inachipuka polepole, mwezi, miezi mitatu, na mwaka wa kwanza utapata jani kama nyasi na kiazi cha ukubwa wa punje ya njugu. Ua litachukua miaka mitatu, pengine minne. Mimi nawashauri wastaafu wapande mbegu na vijana waombe viazi, kwa kuwa wastaafu ndio wenye subira.

Wadudu sitawazungumzia sana. Kuna viwavi wanaokula majani haya bila kujali sumu. Pita asubuhi, waokote kwa kijiti, watumbukize kwenye maji ya sabuni. Dawa ya kupuliza siipendekezi kwa mmea mmoja ulio dirishani, na tena chozi anakuja hapo.

Kukata maua ya mezani, ndiyo, unaweza. Yanakaa kwenye maji siku nyingi, na kule Kochi, Japani, wakulima wamejijengea jina kwa kuyakuza na kuyauza yakiwa yamekatwa. Lakini ukikata shina refu lenye majani umekata chakula cha kiazi cha mwaka ujao. Kata ua na kikonyo chake kifupi, majani yabaki, na uliache ua lielee majini kwenye bakuli pana badala ya chupa. Maji ya bakuli hilo yamwage mbali na kuku.

Naona ujumbe mwingine umeingia sasa hivi, wa kijana wa Awasi, anauliza kama ua hili linanukia, kwa maana anataka kulipanda karibu na dirisha la chumba cha mama yake. Halinukii hata kidogo, ndugu yangu. Panda la kutazamwa hapo mlangoni, na dirishani pa mama panda asumini.